Mti wa Owiti

Emmaculate Nasipwondi alikuwa jirani yetu kule Dunga, upande wa chini kabisa, pale nyumba zinapokwisha na mafunjo ya ziwa yanapoanza. Alikuwa mshonaji wa mapazia mwenye kibanda chake soko la Kibuye, mwanamke wa kicheko kikubwa, mtu wa kuingia kwa jirani na kuanza kuosha vyombo kabla hajaambiwa keti. Mumewe, Joram Wakhungu, alitengeneza matrekta ya kubebea miwa huko Muhoroni na alirudi nyumbani mwisho wa wiki tu. Walikuwa na binti mmoja, Winny, wa darasa la pili. Haya nitakayoyasimulia, mengi aliyasema Emmaculate mwenyewe jikoni kwa mama yangu, akiwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Machache tuliyaona kwa macho yetu.

Kwa miaka mingi walikuwa wapangaji Nyalenda, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kwa hiyo walipoinunua nyumba ile ya Dunga kutoka kwa mtu aitwaye Okello, Emmaculate alikuwa kama aliyefunguliwa kamba. Asubuhi ungemwona akitembea uani bila viatu, anaikanyaga tu ardhi yake. Kiwanja chenyewe kilikuwa kirefu, kinateremka polepole kuelekea ziwani, na mwisho wake palikuwa na lango dogo la mbao. Ukilifungua lango hilo unakutana na kijia cha kwenda majini.

Ua ule haukuwa umetunzwa. Magugu yalifika magotini na ukuta wa choo cha zamani ulikuwa umeinama. Emmaculate alikata vigingi, akafunga kamba, akaanza kuchora bustani yake palepale ardhini. Hapa njia ya simiti kutoka lango la chini hadi barazani. Huku nyasi fupi. Kule waridi. Na katikati, kibanda cha kuezekwa nyasi, wateja wake wakija kuchagua vitambaa wakae hapo wapigwe na upepo wa ziwa.

Shida ilikuwa moja. Hapo katikati palikuwa na mti.

Ulikuwa mwegea, ule mti ambao Wajaluo huuita yago, wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kwa kamba zake kama vitu vilivyotundikwa na mtu. Ulikuwa mnene, wenye kivuli kizito, na chini yake hapakuota hata jani. Tunda lake moja lilikuwa limeshabonyeza tangi la maji. Jingine lilianguka siku ya Jumapili baada ya kanisa, likatua mahali Winny alipokuwa amesimama muda mfupi tu uliopita. Joram aliliinua kwa mikono miwili, akalipima uzito, akamtazama mtoto.

"Huu mti unatoka," alisema.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa.

Mkata miti aliitwa Wechuli, mtu wa kwao Emmaculate, mpole, mwenye kovu kidevuni. Alikuja siku ya kazi na wenzake, kamba na msumeno wa mota. Alipokuwa akiuzunguka mti kutafuta upande wa kuuangushia, Awuor, jirani wa ubavuni, alikuja akasimama kwenye ua wa michongoma.

"Mama Winny, mmeongea na wenyewe?"

"Wenyewe ni sisi, Mama," Emmaculate alijibu, akicheka.

Awuor hakucheka. "Mimi nimekuja hapa juzi tu, sijui mambo ya hiyo boma. Lakini wale watu walikuwa wanafagia chini ya hiyo mti kila asubuhi. Kila asubuhi. Na hakuna majani ilikuwa inaanguka." Kisha akarudi kwake, akafunga mlango, ingawa jua lilikuwa kali.

Walianza na matawi. Yalishuka vizuri, moja baada ya jingine, yamefungwa kamba. Matunda yaliviringika nyasini hadi ua ukawa kama uwanja uliopiganiwa vita. Halafu Wechuli akaushambulia mwili wa mti wenyewe. Msumeno ulipiga kelele, unga wa mbao ukaruka, halafu sauti ikabadilika ghafla. Ikawa nzito. Wechuli akauzima msumeno, akaurudisha nyuma.

Maji yalikuwa yakitoka kwenye mkato. Hayakuwa utomvu. Yalikuwa maji, mengi, ya baridi, yakiteremka kwenye gome na kuingia ardhini. Yalinuka ziwa.

"Madam," Wechuli alisema, "hii mti iko na maji ndani."

"Si miti yote iko na maji?"

Wechuli alikuwa ameinama, anachakura kwenye unga wa mbao uliolowa. Aliokota kitu kidogo kinachong'aa, akakiweka kiganjani, akamwonyesha. Alikuwa omena mmoja, dagaa wa ziwani, mbichi, bado anapiga mkia.

Mti uliangushwa hivyohivyo, kwa kuwa haungeweza kuachwa ukiwa umekatwa nusu. Magogo yalichukuliwa jioni ile na wanawake wanaokausha samaki ufukweni. Kisiki kilibaki, nacho kilipaswa kung'olewa, maana njia ya simiti ingepita kando yake na kibanda kingekaa juu yake. Kesho yake vijana wa Wechuli wakashika majembe na sururu, wakachimba kuzunguka mizizi. Emmaculate alikuwa barazani na cherehani yake aliposikia kwamba sururu zimenyamaza.

Alishuka kwenda kuona. Vijana walikuwa wamerudi nyuma. Ndani ya shimo, katikati ya mizizi, palikuwa na vipande vya mbao vilivyooza, vimenyooka kama pande za sanduku, na misumari iliyoliwa na kutu. Palikuwa na kitambaa. Emmaculate anajua vitambaa. Alijua kabla hajainama kwamba ile ni sufu, ya koti la suti. Koti lilikuwa limelala kifudifudi. Hapakuwa na mfupa. Hapakuwa na jino. Mzizi mmoja, mnene, ulikuwa umeingia kwenye bega la koti, ukapita ndani ya mkono wa koti wote, ukatokea pale penye vifungo. Na hapo ulipotokea ulikuwa umegawanyika kuwa vimizizi vyembamba, vitano, vimekunjwa kidogo kama mtu anayeshika kitu.

Wechuli alivua kofia. Hakudai chochote. Alikusanya watu wake, wakaondoka, wakaacha hata kamba zao.

Emmaculate alimpigia Joram simu, na Joram akasema labda ni takataka za zamani, watu huzika vitu, funika shimo mpaka nije. Akampigia Okello. Simu iliita na kuita. Akafunika shimo kwa mabati, akaweka mawe juu. Winny aliporudi kutoka shule aliambiwa asiende huko.

Alasiri ya siku iliyofuata Emmaculate alikuwa akishona. Kulikuwa kimya, joto la kabla ya mvua. Akasikia mtu langoni, lile lango la chini la ziwani.

"Ho-hodi."

Sauti ya mwanamume, kijana, yenye kigugumizi.

"Karibu!" aliita, bila kuinua kichwa. Wavuvi walipita pale mara nyingi kuuza samaki.

Hakuna aliyeingia. Alipoinuka kuangalia, lango lilikuwa wazi, linayumba polepole. Kijia kilikuwa kitupu hadi majini.

Siku iliyofuata, saa ileile ya joto, sauti ilikuja tena. Sasa haikutoka langoni. Ilitoka karibu na shimo. "Ho-hodi." Emmaculate aliacha kushona, sindano ikiwa katikati ya kitambaa. Baadaye alikuta kiti cha barazani, kile cha Joram, kimelowa. Mto wake ulikuwa umejaa maji kabisa. Alipoukamua yalitoka maji ya kijani, na uzi mmoja mrefu wa gugu la ziwa.

Alijiambia ni mvua. Haikuwa imenyesha.

Ijumaa aliandaa ugali na samaki kwa ajili ya Joram, akafunika sahani mezani, akatoka kuanua nguo. Aliporudi, mfuniko ulikuwa umewekwa kando vizuri, kama anavyofanya mtu mwenye adabu. Samaki hakuguswa. Ugali ulikuwa umeyeyuka, umekuwa uji mwembamba wa kijivu unaoelea kwenye maji. Na kiti cha kichwa cha meza kilikuwa kimevutwa nyuma.

Joram alipofika jioni alimkuta mkewe ameketi nje barabarani na mtoto mapajani. Walilala kwa Awuor.

Nakwambia, hadi hapo wangeweza kuondoka tu. Emmaculate alimwambia mama yangu hivyo: nyumba ni nyumba, tungerudi Nyalenda. Lakini Jumatatu Winny alianza kuugua.

Mwanzoni lilikuwa jambo dogo. Winny alikuwa mtoto wa maneno mengi, anayesoma kila bango la barabarani kwa sauti. Asubuhi ile, akivaa soksi, alisema, "Ma-mama, kiatu i-i-iko wapi?"

Emmaculate alifikiri anacheza. "Ongea vizuri."

"Si-siwezi."

Kisha akakohoa. Alikohoa kwa nguvu, ameinama, na alichokitema sakafuni hakikuwa kohozi. Yalikuwa maji.

Walimpeleka hospitali mjini. Daktari alikuwa msichana mtaratibu. Alimsikiliza Winny kifua, mbele na nyuma, akampeleka kupigwa picha, akarudi ameshika picha ile na kuikazia macho dirishani kwa muda mrefu. Akawatoa wazazi kando, kwenye korido.

"Mama, mtoto huyu alizama lini?" aliuliza.

"Hajawahi kuzama. Hajawahi hata kuogelea."

Daktari aliwatazama jinsi watu wanavyotazamwa wanapodanganya. Alisema mapafu ya mtoto yana maji, na yanazidi. Alitoa dawa. Alitaka alazwe. Usiku wote Emmaculate alikaa kando ya kitanda akisikia kifua cha mwanawe kikibubujika, na kulipokucha maji yalikuwa yamepanda.

Joram alikuwa amerudi Dunga kuchukua nguo za mtoto. Akiwa chumbani kwa Winny aliona leso ya mkewe imechungulia chini ya kitanda, imefungwa kama mtoto wa mgongoni. Akaivuta. Ilikuwa nzito. Ndani mlikuwa na tunda la mwegea, refu, la kijivu, limevikwa sweta la Winny la shule. Mtu alikuwa amelichorea macho kwa kalamu ya wino.

Alilibeba hadi hospitali ndani ya mkoba, bila kujua kwa nini, ila aliogopa kuliacha. Winny alipoliona aliketi kitandani, akanyoosha mikono.

"Nani alikupa hiki?" Emmaculate alimwuliza, polepole.

"Nili-nilikiokota. Si-siku ya mti."

"Na unakibeba?"

"Alisema mgo-mgongoni ni mahali pa-pazuri. Hapana ba-baridi."

"Nani alisema?"

Winny alishangaa kwamba mama yake hajui. "O-Owiti," alisema.

Joram hakusubiri simu kuita tena. Alimtafuta Okello sokoni, kwenye maegesho, kwa watu waliomjua, akampata akinywa soda kwenye kioski huko Kondele. Alimwambia jina lile tu. Owiti. Okello akaiweka chupa chini, uso ukamwisha damu.

"Mliukata," alisema.

"Ulituuzia kaburi?"

"Mimi nilimwambia mama mmekubali kuuacha. Nilimwambia mmekubali." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ngoja nikamlete. Mimi siwezi. Ni yeye tu anaweza."

Akaenda kumchukua mama yake Asembo Bay, akarudi naye kabla jua halijapinduka. Bibi huyo aliitwa Perez. Alikuwa mdogo wa umbo, mweusi sana, amevaa sare ya kanisa, kitambaa cheupe kichwani. Hakumpa mwanawe Okello hata neno moja. Alimwendea Emmaculate pale kando ya kitanda, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nyathina," alisema, ndivyo wanavyomwita mtu mwana wangu, "mimi sikuja kugombana. Nyinyi hamkujua."

Akawaeleza kwa sauti ya chini, ili mgonjwa wa kitanda cha pili asisikie. Owiti alikuwa kitinda mimba wake. Alikwenda kuvua, boti ikapinduka katika dhoruba; wenzake walipatikana, yeye hakupatikana. Walimtafuta hadi Port Victoria. Na kwao, mtu ambaye maji yamekataa kumrudisha huzikwa kwa tunda la yago. Tunda hulala mahali pa mwili, na roho hupata nyumba.

"Tulilivika koti yake," Perez alisema. "Tulililia kama mtu. Kisha likaota. Watu wakasema niling'oe. Mimi nikasema, nitang'oaje mtoto wangu? Nilikuwa nafagia chini yake, namwambia habari ya siku. Alikuwa amelala vizuri. Sasa amekosa kitanda, na huyu mtoto amembeba mgongoni."

"Tufanye nini ili atoke?" Emmaculate alinong'ona.

"Apatiwe kitanda yake."

Walimtoa Winny hospitali, daktari akipinga hadi langoni. Walipofika Dunga mtoto alikuwa akipumua kwa kukoroma, midomo imekuwa ya buluu. Wakamweka barazani kwenye mkeka. Alikuwa amelikumbatia lile tunda na vidole havikulegea. Joram alijaribu kulichukua, na Winny akapiga kelele, na ile kelele haikuwa ya mtoto wa kike.

Perez alipiga magoti mbele yake. Akakiweka kitambaa chake cha kichwa kando.

"Owiti. Wuoda. Mwanangu. Ni mimi."

Kifua kilibubujika.

Macho ya Winny yaligeuka, yakamtafuta bibi kizee, yakamwona. Midomo ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ya langoni.

"Ma-mama. Maji ni ba-baridi."

"Najua."

"Ni-nilikuja nyu-nyumbani. Huku-hukuwepo."

"Najua, wuoda. Nimekuja sasa. Nipe."

Emmaculate alisema kwamba hapo ndipo alipolia, si kwa hofu. Alilia kwa jinsi mama yule alivyonyoosha mikono. Vidole vya Winny vilifunguka, kimoja kimoja. Perez alilipokea tunda, akalilaza begani kama mtoto mchanga. Na palepale Winny akageuka ubavu, akatapika maji, mengi, yakatiririka kwenye ngazi za baraza yakaingia ardhini. Kisha akavuta pumzi ndefu, safi. Akalala.

Joram alipigilia sanduku dogo la mbao. Okello alilifukua shimo, akalinyoosha, peke yake, hakuna aliyemsaidia na hakuomba. Majirani tulikuja, wachache. Hapo ndipo mimi nilipoona. Perez alililaza tunda ndani ya sanduku, akalifunika kwa blanketi nzito aliyotoka nayo Asembo, kwa kuwa Owiti alikuwa amesema anasikia baridi. Joram akaliinua sanduku barazani kwa mkono mmoja, maana lilikuwa jepesi. Alipofika katikati ya ua alikuwa akilibeba kwa mikono miwili. Hatua chache mbele akapiga goti moja. Okello akakimbia kushika upande wa pili, halafu baba yangu, halafu fundi wa simiti. Wanaume wanne, mishipa ya shingo imewatoka. Lilishuka shimoni kwa kishindo cha mtu mzima.

Wakaomba. Wakafukia. Perez akaongea na udongo kidogo, kwa Kijaluo, kwa sauti ya mtu anayemlaza mtoto.

Nimetaja fundi wa simiti. Jina lake Fabian. Alikuwa ameshapewa kazi ya ile njia tangu mwanzo, hakuwa na habari, akawa amefika asubuhi ile na watu wake na kuanza kumwaga simiti kutoka lango la chini. Joram alimwambia amalizie tu alichokwisha kuchanganya, kisha aende. Baada ya maziko Fabian akailainisha njia ile vizuri, kutoka langoni hadi ngazi za baraza, akaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, akaondoka. Sisi tukaketi kunywa chai. Kulikuwa bado mchana. Watu walianza hata kucheka, kile kicheko cha waliookoka. Winny aliamka, akaomba mkate, akasema maneno yote bila kukwama. Emmaculate alimkumbatia hadi mtoto akalalamika.

Hapo ndipo tuliposikia.

"Hodi."

Kwenye lango la chini. Sauti haikuwa na kigugumizi. Ilikuwa ya mwanamke.

Vikombe vilisimama hewani. Perez hakugeuza shingo. "Mtu asiitike," alisema kwa pumzi tu.

Tulingoja. Nzi alitembea kwenye sukari. Kutoka lile lango, taratibu, kama mtu anayeona aibu kuomba, sauti ile ya kike ikasema:

"Na mimi?"

"Na mimi?" Hii ilikuwa ya mzee.

"Na mimi?" Hii ilikuwa mbali zaidi, upande wa mafunjo. Nyuma yake nyingine. Nyuma yake nyingine.

Emmaculate alimtafuta mwanawe kwa mkono, hakumpata. Winny alikuwa ameshuka kwenye ngazi na mkate wake, amesimama mahali ambapo lango linaonekana. Alikuwa akitazama, anasogeza kichwa huku na huku, jinsi mtoto anavyotazama watu wengi. Alitabasamu.

"Karibuni," alisema. "Karibuni nyote."

Perez alijifunika uso kwa kitambaa chake. Aliondoka na Okello bila kumuaga mtu, na hakurudi tena Dunga.

Joram na Emmaculate walilala kwetu siku hiyo, na wiki ile ile wakahamia kwao Bungoma. Winny ni mzima; sasa ni msichana mkubwa, anaimba kwaya, na akiulizwa aliona nini langoni anasema hakumbuki. Nyumba bado ipo. Haijapata mnunuzi.

Lakini asubuhi iliyofuata, kabla hawajaondoka, Fabian alikuja kuchukua magunia yake. Alituita. Tulikwenda, mimi na baba yangu na Joram. Magunia yalikuwa kama alivyoyatandaza, hakuna lililosogezwa. Akainua la kwanza. Akainua la pili. Akaendelea kuinua akirudi nyuma, hadi yakaisha.

Simiti ilikuwa imekauka, na ilikuwa imejaa nyayo. Nyayo za miguu mitupu, pana, za wanaume. Nyembamba za wanawake. Nyingine mbili mbili, zimekaribiana, kama za watu walioshikana mikono. Zilijipanga kwa mstari mmoja, kutoka lango la ziwani hadi barazani, vidole vyote vimeelekea mlangoni, na hakuna hata mmoja uliorudi. Mbele kabisa, chini ya ngazi, palikuwa na za mtoto mdogo sana, mdogo kuliko Winny. Mguu mmoja ulikuwa mtupu. Mwingine ulikuwa na kiatu, na soli yake ilikuwa na alama ya kipepeo.